Nyota Iliyokula Makumi

Nilisoma mpaka primaire ya tatu, darasa la tatu, basi. Hilo naliweka mbele ili mtu asinitafutie diploma katikati ya habari. Mengine yote nilijifunza kwa kuungua vidole: redio kwanza, kisha televisheni, kisha mashini za kuandikia, mwisho ordinateri, yaani kompyuta. Kutoka Kadutu mpaka Nguba, Bukavu nzima, chombo kikinyamaza watu walisema, "Peleka kwa muzee." Walianza kuniita hivyo mvi sijaota hata moja, kwa ajili ya kazi, si kwa ajili ya umri. Kwa hiyo mtakaposoma hapa kwamba niliharibu, mujue kuharibu si mazoea yangu. Ndiyo maana jambo hili linaniuma mpaka leo.

Ilikuwa katika vita yetu ya pili. Ofisi za mji zilikuwa zimeporwa zaidi ya mara moja, na mporaji hajui ordinateri. Anabeba kioo akidhani ni televisheni. Kasha analirusha dirishani ili mwenzake alidake, na mwenzake halidaki. Baada ya wiki unavikuta vipande soko la Kadutu, vimepangwa juu ya shitingi la plastiki kando ya sambaza, dagaa wa ziwa letu, vinanuka samaki. Mimi nilitafuta kipande kimoja tu: diski, kile kisanduku cha chuma kinachotunza maandishi hata mashini ikizimwa. Nilikuwa nimekusanya kumi na nne.

Siku moja akaja Maman wa orodha. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mjane, mwembamba, sauti yake ya darasani hakuiacha darasani. Shule yake ilipofungwa, alipewa chumba cha katekesi kwenye parokia yetu, akaanza kuandika watu waliokimbia kutoka Mudaka na vijiji vya upande ule: wewe ni nani, unamtafuta nani, unalala wapi. Mama akifika amepoteza mtoto njiani, Maman alifungua madaftari na kutafuta. Madaftari yalikuwa yamefika kumi na moja. Kutafuta jina moja kulimaliza asubuhi. Parokia ilikuwa na kasha la ordinateri lisilo na diski, ndiyo sababu ya kuja kwangu.

"Papa, batu banasema weye unaweza kuifufua."

"Mimi sifufui, Maman. Natengeneza. Kufufua uulize padri."

"Basi tengeneza. Lakini unipatie diski yenye haitakufa." Akavuta kiti karibu. "Basoda benye bunduki bamekuja mara mbili kuomba madaftari. Mara mbili nimebadanganya. Majina ya batu, na fasi yenye banalala, yote iko mule. Nataka niingize yote mu mashini, kisha nichome karatasi. Unanisikia? Nikishachoma, hakuna ingine."

Nilimsikia. Nilimwambia diski ya namna hiyo ninayo, na kwamba nitaichagua kwa vipimo, si kwa macho.

Namna ya kupima ilikuwa hivi. Kulikuwa na programu ndogo iliyokuja kwenye CD, kazi yake kuisomesha diski kwa nguvu na kuhesabu mwendo. Ikimaliza inaandika mstari mmoja: imesoma mega 64, kwa sekunde kadhaa, sawa na mega kadhaa kwa kila sekunde. Diski inayosoma mega nyingi kwa sekunde iko na afya. Inayosoma chache inahangaika, inarudia rudia pale ilipoumia. Nilipaka kila diski namba kwa rangi ya kucha ya mke wangu, moja mpaka kumi na nne, naye hakufurahi. Kila moja niliipima mara ishirini.

Ishirini mara kumi na nne, hesabuni wenyewe. Na courant, umeme wa Bukavu, mnaijua. Ilikuja asubuhi ikipenda, ikaondoka bila kuaga. Nikawasha groupe, jenereta yangu, groupe ikakohoa, mafuta yakaisha, nikatukana, nikaanza tena namba tisa tangu mwanzo. Wiki mbili. Mwishoni nilikuwa na mistari mia mbili na themanini kwenye faili moja, na macho yangu ya kuchomea redio hayakuwa tena macho ya kusoma mistari mia mbili na themanini kwenye kioo kinachotetemeka.

Hapo ndipo Docteur alipoingia. Alikuwa mtafiti wa wadudu kule Lwiro, barabara ikafungwa, akakwama mjini na sanduku moja la nguo. Alikuja kwangu kuchaji betri ya redio, akaona faili langu, akacheka.

"Papa, utasoma hii yote na macho? Acha nikuonyeshe expressions régulières."

Akachukua gamba la boksi la sigara, akaandika nyuma yake. Alinieleza kwamba ni kama mtego. Unaeleza umbo la kitu unachotaka, mashini inapita kila mstari na kukitoa, mengine inayaacha. Nukta maana yake alama yoyote. Nyota maana yake rudia alama iliyoitangulia mara nyingi upendavyo, hata sifuri. Mabano ya mraba yanashika tarakimu. Mabano ya mviringo ndiyo tundu la mtego: kilichoangukia humo ndicho unachopata. Kwa mchana mmoja niliyakamata yote. Daktari wa vitabu alinitazama hivi, akasema, "Kweli weye uliacha mu troisième primaire?" Nikamwambia shule ndiyo iliniacha.

Alipokuwa anaondoka akasimama mlangoni. "Jambo moja, papa. Mutego ukishakamata, ukamate mistari mitatu kwa mukono wako, uweke pembeni ya yenye ilikamata. Mitatu tu. Ulinganishe."

"Docteur, mimi si mutoto."

"Sijasema weye mutoto. Miye mwenyewe niko nafanya vile na wadudu wangu kila siku."

"Wadudu wako wana miguu. Wanatembea. Namba zangu zimekaa."

Akacheka, akaenda. Nilikuwa na kitabu cha Kifaransa juu ya mambo hayo, nilikinunua sokoni, ila kurasa za katikati zilikuwa zimeng'olewa kufungia karanga. Nilijiambia zilizobaki zinatosha. Nikatega mwenyewe:

.*([0-9]+\.[0-9]+) MB/s

Yaani: kula chochote, kisha unishikie tarakimu, moja au zaidi, nukta, tarakimu, zilizo mbele ya neno la mega kwa sekunde. Nikabonyeza. Namba mia mbili na themanini zikashuka kama mvua ya Machi, safi, zimenyooka. Sijui kama nimewahi kujipenda kama saa ile.

Nikazisoma. Namba nne ilikuwa imetulia kama sista kwenye misa: 9.43, 9.38, 9.43, 9.38. Namba saba ilikuwa na malaria: 9.94, halafu 0.13, halafu 9.94, halafu 0.13. Nyingine tano au sita zilikuwa dhaifu tu, 1.19, 2.40, 1.07, kama watu waliokula mara moja kwa siku. Je, nilishangaa? Hapana. Hapa ndipo nataka mtu wa miji yenye amani anisikilize. Angekuwa yeye, angeshangaa: diski gani inapanda mpaka tisa na kuanguka mpaka sifuri ndani ya dakika moja? Mimi nilikuwa nimeziona zikitupwa kutoka ghorofa ya pili. Katika mji ambamo kila kitu kimeshaanguka kutoka lori la mtu, ukiambiwa nusu ya vitu ni vigonjwa unasema ndiyo, na unashukuru kwa nusu nyingine.

Nikamwekea Maman namba nne. Akaingiza majina mwezi mzima na zaidi, kidole kimoja kimoja. Siku aliyomaliza alinitumia neno nifike. Madaftari kumi na moja yalikuwa yamelundikwa nyuma ya jiko la parokia, na kiberiti alikishika mkononi.

"Papa, una hakika?"

"Maman, nimeipima mara ishirini. Choma."

Hayo ndiyo maneno yangu. Hakuna aliyenisukuma. Tulikuwa na disketi mbili za kunakilia, zote zimeota ukungu, na nilisema hazina haja. Daftari lake la Mudaka ndilo lilikuwa nene kuliko yote, lilichelewa kushika moto, alilipeperusha kwa kanga.

Na zile diski zangu "gonjwa"? Nilizifungua kwa nyundo. Ndani kuna sumaku nzuri, mafundi wa spika wanazitaka, na kasha lake ni aluminiamu, nikawapelekea wanaoiyeyusha kutengeneza sufuria. Namba saba pekee iliponea. Bwana mmoja wa Kamanyola, mwenye kibanda cha kuandikia watu barua kwa mashini, aliiona mezani akaing'ang'ania. Nilimwambia ina malaria. Akasema Kamanyola wote wana malaria na wanafanya kazi. Akaondoka nayo.

Baada ya wiki chache Maman akaanza kulalamika.

"Papa, hii mashini iko natembea kama mugonjwa. Naomba jina moja, naenda kuchota maji, narudi, bado inatafuta."

Nikasema ni courant. Kesho yake akasema inagonga ndani, kou, kou, kou, kama mtu anabisha hodi. Nikasema ni feni. Nilikuwa na jibu kwa kila kitu, hilo ndilo tatizo la kuitwa muzee mapema. Siku ya tatu akaja mwenyewe mpaka kwangu Kadutu kwa miguu, na kule kupanda si mchezo.

"Kuko mama mumoja wa Mudaka amekaa kwa mulango yangu tangu juzi. Mutoto wake ako mu orodha, miye mwenyewe nilimuandika, nakumbuka. Lakini nikifungua ukurasa ule, mashini inanyamaza. Sasa feni njo inaficha mutoto?"

Nilikwenda nimekasirika. Nilitaka kumwonyesha. Faili la vipimo nilikuwa nimelinakili mle mle kwenye diski, basi nikalifungua kwenye kioo, mistari mizima, jinsi programu ilivyoiandika, na nikapima namba nne tena mbele yake. Ikachukua muda. Ikagonga. Ikaandika 9.38.

"Unaona, Maman? Tisa. Kama siku ya kwanza. Ndiyo diski bora niliyokuwa nayo."

Yeye hakuwa ananitazama. Alikuwa anasoma kioo kwa kidole, kama anasahihisha kazi ya darasa.

"Na hii namba saba?"

"Ile ina homa. Sifuri nukta kumi na tatu."

"Wapi sifuri? Hapa bameandika ishirini nukta kumi na tatu."

"Haiwezekani."

"Papa, nimefundisha hesabu zaidi ya miaka kumi. Hii ni mbili, hii ni sifuri. Ishirini. Hapa tena, kumi na tisa nukta tisini na ine. Ishirini si inapita tisa? Ao kwa ordinateri ni hesabu ingine?"

Niliinama mpaka pua ikagusa kioo. Mega 64, sekunde 3.18, sawa na 20.13. Mstari wa chini yake: mega 64, sekunde 3.21, sawa na 19.94. Namba saba haikuwa na homa hata kidogo. Ilisimama pale pale kwenye ishirini, imara kuliko zote. Nikapanda juu kwenye namba mbili, ile iliyonipa 1.19. Ilikuwa 21.19. Namba kumi na moja, ile ya 2.40: ilikuwa 22.40. Moja moja, zote nilizozipiga nyundo. Nilikuwa nimekalia benchi la katekesi, la watoto, magoti yamenifika kifuani, na nikaona sufuria. Kweli, nilichokiona ni sufuria, zimepangwa sokoni.

"Papa? Unaumwa?"

"Maman, zima mashini. Usiguse kitu tena."

Docteur alikuwa anakaa chumba cha kupanga Nguba. Sikumsalimu vizuri. Nikamwekea gamba la sigara mbele, na mtego wangu nimeuandika pembeni. Alisoma mara moja tu.

"Aa, papa. Nyota yako ni mulafi."

"Sema vizuri."

"Nyota inakula yote yenye inaweza kula. Inaachia benye kuwa nyuma kile kidogo tu chenye mutego hauwezi kukosa. Mutego wako uliomba tarakimu moja mbele ya nukta, basi moja njo ilibakia. Ishirini, ile mbili imekwenda mu tumbo ya nyota. Mwenye alikuwa na tarakimu moja tu hakupoteza kitu. Kwa hiyo benye nguvu bote ulibafanya bagonjwa, na mugonjwa ukamufanya chef." Akachora alama ya sawasawa mbele ya tarakimu. "Ungeweka hii hapa. Nyota inafika, inakuta mulango, inasimama."

Alama moja. Wiki mbili za groupe na petroli, diski sita chini ya nyundo, madaftari kumi na moja nyuma ya jiko, na dawa yake ni vijiti viwili vilivyolazwa.

Docteur akanitazama. Nilijua anachotaka kuuliza, na aliuliza. "Ile mistari mitatu, uliilinganisha?"

Nilichukua kofia yangu.

Kesho yake nilipanda lori la unga kwenda Kamanyola. Barabara ile ya kushuka mlima sitaieleza, aliyeipita anaijua. Vizuizi vinne, na kila kizuizi nilieleza upya mfuko wangu una nini: bisibisi, na diski tatu kati ya zilizobaki, za kubadilishana. Askari mmoja aliitikisa moja sikioni kama mtu anayenunua yai.

Bwana wa Kamanyola alinipokea mlangoni kwake, amevaa singleti, na nyuma yake muziki unalia bila kukatika.

"Muzee! Umekuja kuona mugonjwa wako?"

"Nimekuja kumuchukua."

"Tangu uniachie hajakohoa. Anakimbia kuliko weye." Akawaita majirani. "Mukuje muone fundi wa Bukavu! Njo yeye alisema hii diski inakufa!"

Wakaja. Watu saba au wanane, Kamanyola haina kazi nyingi mchana. Nilisimama nikachekwa. Alizikataa diski zangu zote tatu, akazikubali, akazikataa tena, kisha akasema nitengeneze printa yake kwanza. Niliitengeneza chini, juu ya shitingi, huku wananielekeza pa kuweka skrubu. Nikamwachia diski zote tatu, nikarudi na namba saba imefungwa ndani ya shati langu la pili.

Kunakili kulichukua siku tatu za courant. Namba nne ilitoa ukurasa, ikagonga, ikapumzika, ikatoa mwingine. Maman alikaa karibu yangu na rozari. Mapema siku ya tatu ikagonga mara nyingi mfululizo, ikalia kama msumari kwenye bati, ikanyamaza. Haikuamka tena. Sehemu kubwa ya orodha tulikuwa tumeiokoa. Iliyobaki humo ilikuwa karibu daftari zima la Mudaka.

Maman akafunga rozari kwenye leso.

"Miye siwezi kubaambia," akasema. "Weye njo utabaambia."

Ikawa hivyo. Wakatangaza baada ya misa kwamba watu wa Mudaka waje kuandikwa upya. Maman alinipa daftari jipya, meza ndogo nje ya chumba cha katekesi, na kalamu. Akaniambia kila jioni ataingiza nilichoandika, kwenye namba saba na kwenye disketi mpya mbili, na hakuna karatasi itakayochomwa kabla yeye mwenyewe hajailinganisha, mstari kwa mstari. Hakuniuliza kama nakubali. Mkono wangu hauandiki vizuri, mkono wangu ni wa kuchomelea, na herufi zangu zinasimama kila moja peke yake kama watu wasiojuana. Nikaketi.

Walikuja. Si wote. Wengine walikuwa wamekwisha kuendelea, kuelekea Uvira, kuvuka Ruzizi, hakuna aliyejua, na hao siwezi kuwaandika mpaka leo. Waliokuja wote waliuliza lilelile, na wa kwanza alikuwa yule mama aliyekuwa amekaa mlangoni.

"Papa, miye nilishaandikwa. Na mutoto wangu Maman anasema alishaandikwa. Juu ya nini tena?"

Nilikuwa nimetayarisha maneno juu ya courant. Niliyatayarisha usiku, mazuri kabisa. Yalifika mdomoni yakakaa pale.

"Kwa sababu diski ilikufa," nikasema. "Na diski nilichagua mimi. Nilichagua mbaya."

Mguu mmoja alivaa kandambili, mwingine hakuvaa.

"Basi sasa andika muzuri."

Akanipa jina lake, jina la mtoto, umri wake, fulana aliyovaa ni ya rangi gani, na kilima walichopoteana. Niliandika polepole, ulimi umetoka nje kama mtoto wa primaire ya tatu. Nilipomaliza nikafungua ukurasa mpya nimuite anayefuata. Yeye hakuondoka. Aliweka kidole juu ya daftari, juu ya maandishi ambayo hakujua kuyasoma.

"Soma nisikie."

Nikasoma. Kwenye jina la mtoto akanikatiza, nilikuwa nimeruka jina la ukoo. Nikaongeza.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena.